Mgomba Mama na Watoto Wake: Tugawe au Tuache?

Karibu kila kibanja ninachokijua Kagera kina shina moja la migomba ambalo hakuna anayekumbuka sawasawa lilipandwa lini. Mara nyingi liko nyuma ya jiko, linaponyweshwa maji ya kuoshea vyombo na kulishwa majivu na maganda. Mgeni akija ghafla, mkungu hukatwa hapo. Na kila mvua za vuli zinapokaribia, shina hilo huzua ubishi nyumbani: ligawanywe, machipukizi yake yakapandwe kwingine, au liachwe kama lilivyo?

Nimeusikia ubishi huu jikoni, msibani, hata ndani ya basi la kwenda Muleba. Hapa nimeuweka katika vinywa viwili. Bibi ndiye mwenye kibanja. Aliolewa hapa akiwa msichana. Mjukuu amesomea kilimo Morogoro na yuko nyumbani likizo. Nimejitahidi kila mmoja aseme hoja yake kwa nguvu zake zote, kwa sababu kila mmoja ana kipande cha ukweli ambacho mwenzake anakihitaji.

MJUKUU: Shikamoo, Bibi.

BIBI: Marahaba, mume wangu. Jembe, panga na mtaimbo asubuhi yote hii. Safari ya wapi?

MJUKUU: Hapa hapa nyuma ya jiko. Naomba ruhusa nilichimbe lile shina la nshakara, ndizi yetu ya kupika, niligawe. Nimehesabu, lina migomba kumi na mmoja, mikubwa kwa midogo, na mkungu uliokatwa juzi ulikuwa na chane nne tu.

BIBI: Ruhusa sitoi. Shina lile nililikuta hapa, na mama mkwe wangu alilikuta. Halijawahi kuchimbwa na hatujawahi kulala njaa. Mgomba hauhitaji mkunga. Mmoja ukikatwa, mwingine uko tayari pembeni. Unataka kuingiza chuma mahali ambapo Mungu ameshapanga foleni.

MJUKUU: Foleni yenyewe ndiyo inayonitia wasiwasi. Mgomba tunauita mti kwa mazoea tu. Shina tunaloliona juu ni majani yaliyokumbatiana. Mwili wenyewe ni tunguu lililoko ardhini. Kila mgomba unachanua mara moja, unazaa mkungu mmoja, umemaliza kazi. Kinachobaki ni tunguu na macho yake. Sasa hapa kumi na mmoja wanakula sahani moja. Nani atashiba?

BIBI: Wenye nguvu watashiba, wanyonge watanyauka. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

MJUKUU: Hata wenye nguvu wanaanguka. Hebu sogea uone. Chipukizi huota juu kidogo kuliko tunguu la mama yake, na wake naye hivyo hivyo. Miaka ikipita, familia nzima inapanda juu ya ardhi. Huu hapa umekaa kama sufuria juu ya mafiga, mizizi iko nje. Upepo mmoja wa ziwani ukivuma wakati mkungu umejaa, mgomba utalala chini na mizizi yake.

BIBI: Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe.

MJUKUU: Haushindwi ukiwa umeshika ardhi, Bibi. Huu unaishika kwa kucha.

BIBI: (anainama, anaigusa mizizi) Mizizi nimeiona, sikatai. Lakini dawa yake ni udongo na matandazo, wala si mtaimbo. Na nikuulize jambo. Tunguu likikatwa linatoa harufu. Fukusi anaisikia usiku, anakuja, anataga mayai kwenye kidonda. Hilo mlifundishwa?

MJUKUU: Tulifundishwa, na ni kweli tupu. Fukusi wa migomba anapenda tunguu lenye jeraha kuliko lililo zima. Mdudu mwenyewe mweusi, ana mdomo mrefu, anatembea usiku na haruki sana, kwa hiyo akishafika hapa hana haraka ya kuondoka. Anaweza kuishi hata miaka miwili. Mwenye kuligawa shina akaacha jeraha wazi, amemwita.

BIBI: Basi umejijibu.

MJUKUU: Nimejibu nusu. Jeraha linafunikwa kwa udongo saa ile ile. Halafu tunapasua kipande cha mgomba uliokwisha kuvunwa, tunakilaza karibu na shina, upande uliopasuliwa ukigusa ardhi. Fukusi wanajificha chini yake usiku, asubuhi tunawaokota na kuwaua. Jeraha la mara moja lenye mlinzi halitudhuru kama msongamano wa miaka thelathini.

BIBI: Unasema vizuri. Lakini hujaniambia kwa nini chane zimekuwa nne. Nitakwambia mimi. Babu yako alikuwa na ng'ombe. Mchana walikula nyasi za rweya, kule kwenye nyika ya malisho, usiku walilala hapa, samadi ikaja kibanjani. Nyasi nazo zilikatwa rweya zikaletwa vichwani, tukatandaza mpaka mguu unazama. Kibanja hiki hakikuwahi kujilisha chenyewe. Kililishwa na rweya. Leo rweya imegawanywa na kupandwa miti ya mbao, na ng'ombe umewaona wapi? Ukichukua hawa kumi na mmoja ukawatawanya bila samadi, utakuwa umegawa njaa. Itatoka shimo moja iende mashimo manne.

MJUKUU: (anakaa kimya kidogo) Hapo sina jibu la kukushinda. Bukoba tunapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, nayo inasukuma rutuba chini mbali na mizizi. Udongo wetu bila samadi ni mchanga unaobeba majani. Basi tuwekeane sharti: hakuna shimo litakalochimbwa kabla samadi yake haijafika. Shimo la sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na madebe mawili ya samadi iliyooza, ndipo mche uingie. Na kutoka shimo hadi shimo mita tatu. Samadi ikitosha mashimo mawili, tunapanda miwili tu.

BIBI: Sharti hilo nalikubali. Wengi wanachimba mashimo ishirini kwa samadi ya mawili. Sasa niambie unataka kuacha wangapi hapa.

MJUKUU: Watatu. Mama mwenye mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu anayechungulia. Wote waelekee upande mmoja, wasibanane.

BIBI: Na wa kuhamisha utawajuaje?

MJUKUU: Hapo naomba wewe unioneshe.

BIBI: Angalia majani. Hili lenye majani membamba kama mkuki, chini limenenepa, juu limechongoka: hili linanyonya kwa mama na lina akiba yake. Ndilo la kupanda. Lile lenye majani mapana mapema, shina jembamba, limejitenga na mama kabla ya wakati. Linapendeza machoni, lakini ukilipanda litakupotezea mwaka na mkungu wake utakuwa wa aibu. Wengi wanaokuja kuomba huchagua hilo kwa sababu lina majani mazuri.

MJUKUU: Darasani tulichora mchoro wa hayo mawili. Sikuwahi kuelezwa kwa nini watu hukosea kuchagua.

Mpaka hapa Bibi alikuwa mlinzi wa shina na Mjukuu mgawaji. Jambo lililofuata liliwageuza. Nimeliona likiwageuza watu wengi, na ndilo lililonifanya niandike.

BIBI: Basi chimba. Machipukizi manne mazuri nimeyaona. Mawili tutapanda juu kule tulikovuna mihogo. Mawili nimemwahidi yule mwali wa jirani aliyeolewa mwezi uliopita. Kibanja chao hakina nshakara hata moja.

MJUKUU: Hayo mawili tusitoe, Bibi.

BIBI: Umesema nini?

MJUKUU: Tusitoe chipukizi nje ya kibanja hiki, wala tusipokee la mtu. Unyanjano umetufundisha. Ugonjwa huu uliandikwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, kwenye ensete, ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana kwenye ndizi Uganda. Miaka michache baadaye ulikuwa hapa Kagera. Wadudu wanaotembelea ua dume waliubeba, mapanga yetu yakaubeba, na machipukizi tuliyopeana kwa upendo yakaubeba zaidi ya maili ambazo mdudu angeweza kuruka.

BIBI: Unyanjano unanisimulia mimi? Niliuona kabla hujaanza shule. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla hazijakomaa, ukizikata ndani ni kahawia. Ukikata shina linatoka uteute wa njano. Waliokuja kutuelekeza walisema ng'oeni shina zima, mama na watoto, hata wale wazima. Niling'oa mashina arobaini upande ule wa bondeni. Arobaini kwa mikono hii. Baadaye wakaja wengine wakasema hapana, kata ule mgonjwa tu usawa wa ardhi, waache waliobaki. Nani atanirudishia arobaini yangu?

MJUKUU: Hakuna, Bibi. Pole. Walioshauri mwanzo walidhani bakteria wakishaingia mgomba mmoja wa shina wamewafikia wote. Baadaye utafiti ukaonesha kwamba si kila chipukizi katika shina moja hupata ugonjwa. Ukikata mgonjwa mapema, ukachoma panga motoni kabla ya kugusa mwingine, ukarudia kila unapoona dalili, shina linaweza kupona. Ni afadhali kwa mtu asiye na nguvu za kung'oa mashina mazito. Lakini ushauri wa pili ulikuja wewe umeshang'oa, na hilo ni haki likuume.

BIBI: Na sasa ushauri wa tatu ni kumnyima mwali chipukizi. Sikiliza, mwanangu. Mgomba hauna mbegu. Hakuna mtu katika nchi hii aliyepata nshakara ila alipewa. Mama yangu alinipa chipukizi la nchoncho nilipoolewa. Mama mkwe alinionesha shina hili. Kibanja kizima ni vitu vilivyopokelewa. Ukikataa kutoa, kibanja chako ni cha nani?

MJUKUU: Hilo nalo wanasayansi wanakubaliana nawe bila kujua. Ndizi ilianza kulimwa mashariki ya mbali, Papua Guinea Mpya na visiwa vya jirani, miaka zaidi ya 6,000 iliyopita. Waliochunguza vinasaba vya ndizi zetu za nyanda za juu wanaona zinafanana mno. Nshakara, nchoncho, hata entundu ya kutengenezea pombe ya rubisi, ni kama vipande vya mmea mmoja uliogawanywa mkono kwa mkono, na wakulima wakawa wanachagua kila kilichogeuka kidogo. Mtu wa kwanza angekataa kugawa, tusingekuwa na ndizi ya kupika.

BIBI: Sasa unabisha nini?

MJUKUU: Ninabisha kwa sababu kipande kile kile kinachobeba mgomba kinabeba na maradhi. Ningependa mwali apewe mche wa maabara. Unatoka safi, hauna fukusi wala minyoo. Kati ya mwaka 1997 na 2002 mradi wa maendeleo wa KCDP ulileta Kagera aina mpya kwa njia hiyo, kama FHIA 17 na FHIA 23 zilizozalishwa Honduras, zikipitia maabara ya Leuven kule Ubelgiji, penye hazina ya aina zaidi ya 1,500 za ndizi. Wakulima walizipokea.

BIBI: Nami nilipanda. Mikungu mikubwa, siwezi kukataa, na iliuzika. Lakini ukiipika haifanani na nshakara mdomoni, wala huwezi kumpelekea mkwe. Na mche wa chupa ni mtoto wa kulelewa: usipomwagilia wiki mbili umekufa. Mwali ana ndoo moja na kisima kiko mbali. Tena huo mche safi ukiupanda kwenye shamba lenye fukusi, fukusi hawatauuliza ulizaliwa wapi.

MJUKUU: Ni kweli. Usafi wa mche ni mtaji tu, usipolindwa unaisha.

BIBI: Basi nioneshe namna ya kutoa bila kumpa mwali ugonjwa. Kama haipo, sema haipo, nami nitamwambia kwa mdomo wangu. Kama ipo na unanificha kwa uvivu, mzigo ni wako.

MJUKUU: Ipo, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuangalia tunatoa wapi. Kwa unyanjano hakuna maji wala dawa inayoponya chipukizi lililokwisha kuambukizwa, na linaweza kuonekana zima. Usalama ni kutoa kwenye kibanja ambacho hakijaonekana mgonjwa kwa muda mrefu, wala kwa jirani. Hapa tumeona lini mara ya mwisho?

BIBI: Miaka mitatu imepita. Na maua dume tunayaondoa kwa mti wenye panda kila chane ya mwisho ikitoka.

MJUKUU: Basi tunaweza. Sehemu ya pili ni kulimenya tunguu. Lete kisu cha kumenyea ndizi, na weka maji jikoni yachemke.

Mjukuu alikata mahali chipukizi lilipounganika na tunguu la mama, akalitoa na udongo wake, akarudishia udongo kwenye jeraha na kulikanyaga. Panga alikuwa amelichoma motoni mpaka likawa haligusiki. Alikata mizizi yote karibu na tunguu, kisha akaanza kumenya. Ganda la nje lilikuwa jeusi lenye udongo. Chini yake palikuwa na rangi ya kahawia, na katika kahawia hiyo vikaonekana vijia vyembamba, kama njia za mchwa kwenye mbao. Ndani ya kijia kimoja kulikuwa na buu mweupe, mnene, kichwa chake rangi ya kutu. Bibi alimchukua kwa ncha ya kisu, akamtazama muda mrefu.

BIBI: Kwa hiyo huyu ndiye ningempa mwali.

MJUKUU: Yeye na mayai yake. Endelea kumenya mpaka tunguu libaki jeupe. Likikataa kuwa jeupe, vijia vikiingia hadi katikati, hilo si la kupanda, ni la kutupa. Na hiyo mizizi iliyokatwa tusiiache karibu na shimo.

BIBI: Limekuwa jeupe kama muhogo. Sasa maji ya moto kwa ajili ya nini?

MJUKUU: Minyoo wa mizizi ni wadogo mno, kisu hakiwaoni. Unalizamisha tunguu katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, halafu unalitoa. Ukizidisha unalipika, ukipunguza unawaosha tu.

BIBI: Nihesabu mimi.

Alihesabu kwa sauti, taratibu, kutoka moja hadi thelathini, kama anavyohesabu mikungu sokoni. Machipukizi matatu yalitoka meupe. La nne lilikuwa na vijia mpaka moyoni. Bibi mwenyewe ndiye aliyelikatakata na kulianika juani mbali na migomba.

Mwandishi naye aseme lake. Naamini shina la zamani haliheshimiwi kwa kuachwa. Mgomba uliosahauliwa hupanda juu ya ardhi, hujibana na kuanguka, na mwenye nyumba husema kibanja kimelaaniwa. Mwenye kuupenda huugusa: huupunguza, huulisha, huchagua watatu wa kubaki na kuwatafutia wengine makazi. Kwa hili nasimama na Mjukuu.

Lakini nasimama na Bibi pia, pale penye uzito zaidi. Kugawa bila samadi ni kutawanya njaa, na utaalamu unaokuja na kusema ng'oeni, kisha ukarudi na kusema msing'oe, unapaswa kwanza kumsikiliza yule aliyeng'oa. Naogopa zaidi siku ambayo kila mmoja wetu atajifungia na migomba yake kwa kuhofia ya mwenzake. Mmea usio na mbegu ukikosa mikono ya kuupokea umeishia hapo ulipo. Maradhi hayakutupa sababu ya kuacha kupeana. Yalituongezea wajibu: anayetoa ajue anatoa nini, alimenye, alihesabie, na atupe kwa mkono wake mwenyewe lile lisilofaa hata kama linauma.

Jioni yule mwali alikuja na kikapu, akapiga magoti kumsalimu Bibi. Alipooneshwa chipukizi, akasita. Halikuwa na majani wala mizizi; lilikuwa kitu cheupe kilichoparuliwa, kama mfupa uliobaki kwenye sahani ya nyama ya mbuzi.

MWALI: Bibi, hili litaota kweli?

BIBI: Litaota. Lile lenye majani mazuri ndilo lingekudanganya. Kaa hapa kwanza, mwanangu. Samadi unayo?

MWALI: Madebe mawili, Bibi.

BIBI: Basi leo unachukua moja tu. La pili nitakutunzia kivulini siku mbili hizi, ukipata samadi uje. Na siku nawe utakapompa mtu, usimpe kama lilivyotoka ardhini. Njoo, uone kisu kinavyoshikwa.